Mama Ngoja wa Gachoka na barua asiyoifungua

Tii. Tii. Tii.

Mlio unatoka ndani ya duka lililofungwa, mwembamba, wa kukatakata, kama kifaranga aliyeachwa nyuma na mamaye. Ni saa moja kasoro asubuhi katika soko la Gachoka, Mbeere Kusini, na wauza muguka, yale majani ya kutafuna, wanaoshusha mafurushi yao barazani wameshauzoea.

"Stima imepotea tena," mmoja anasema bila kugeuza kichwa. "Mashine za Mama Ngoja zinalia njaa."

Mama Ngoja anafika na funguo mkononi na chupa ya chai kwapani. Jina lake hasa ni Nelius Rwamba, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, na saiba hii ya chumba kimoja, duka la kompyuta na mtandao, ndiyo kazi yake kwa mwaka wa tisa sasa. Anainua mlango wa bati, anaingia gizani bila kupapasa, anainama chini ya meza na kubonyeza kisanduku cha betri kinacholinda kompyuta stima ikikatika. Mlio unanyamaza.

"Hiki hunipigia kelele kabla mambo hayajaharibika," anasema akimimina chai. "Laiti virusi navyo vingekuwa na mlio."

Stima inarudi saa moja na nusu. Nelius anawasha kompyuta na kutazama sanduku la barua pepe. Tangu jana jioni zimeingia barua kumi na tisa. Hafungui hata moja. Kwanza anatoa daftari jeusi lenye jalada gumu, analiweka kando ya kibodi, kisha anaweka kidole juu ya kioo na kuanza kusoma anwani za watumaji, herufi baada ya herufi, kama mtoto anayejifunza kusoma.

Barua tupu, zisizobeba faili, anazisoma na kuzichapa kwenye karatasi. Zenye faili, na leo ziko sita, anaziandika pembeni na kuchukua simu.

"Halo, ni Nelius wa saiba ya Gachoka. Jana saa kumi na moja umenitumia imeli yenye faili? Faili lina nini ndani? Kurasa ngapi? Haya, asante. Sasa nitalifungua."

Namba anazopiga hazitoi kwenye barua zenyewe. Anazitoa kwenye daftari jeusi, ambamo kila namba aliiandika kwa mkono wake baada ya kuisikia sauti ya mwenyewe. Ukutani, juu ya printa, amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: BARUA YENYE FAILI, TUNAPIGA SIMU KWANZA. USINIHARAKISHE.

Karatasi hiyo ndiyo iliyompa jina. Vijana wa bodaboda walianza kumwita Mama Ngoja kwa kumcheka. Siku hizi hata wazee humwita hivyo, na hawacheki.

Ili kuelewa kwa nini mwanamke mmoja anapiga simu kumi kwa siku kabla ya kubofya mara moja, lazima ujue jinsi Gachoka inavyopokea barua. Wengi wa watu wa soko hili hawana anwani yao ya barua pepe. Fomu ikitaka anwani, wanaandika ya saiba ya Nelius. Majibu ya kazi, matokeo ya watoto, barua za vikundi vya akina mama, mawasiliano ya zahanati na ya shule, yote huangukia katika sanduku moja, naye huyagawa kwa majina, kama karani wa posta wa zamani.

"Mtu anapita na debe lake la ndengu anauliza, 'Mama Tabby, iko yangu?' Namwambia iko au haiko," anaeleza. Tabby ni binti yake wa kwanza, aliye sekondari.

Sanduku hilo lilikuwa limekusanya anwani mia mbili na kumi na nne. Halafu, miezi saba iliyopita, ikaja barua ya mazishi.

Ilitoka kwa anwani ya katibu wa kanisa moja la jirani, mtu aliyemjua vizuri na aliyekuwa amewahi kumwandikia mara nyingi. Kichwa chake kilisema: Majina ya kamati ya mazishi. Chini kulikuwa na faili. Katika sehemu hizi mtu anaweza kukosa arusi na kusamehewa baada ya wiki. Akikosa kikao cha mazishi, jambo hilo litasemwa hata siku ya kumzika yeye. Barua ya msiba haiwekwi kando.

Mlangoni siku hiyo alikuwa amesimama Mbae, seremala wa ng'ambo ya barabara, ambaye ndiye huongoza vikao vya mazishi vya soko zima.

"Fungua tujue ni nani," Mbae alisema. "Maiti haingoji stima."

Nelius alibofya. Kioo kilipiga weusi, kikarudi. Faili halikuonyesha jina la mtu yeyote. Alidhani ni mtandao, akabofya tena. Baada ya dakika ishirini simu yake ikaanza kuita. Wa kwanza alikuwa karani wa zahanati.

"Pole kwa msiba, Mama Tabby. Lakini mbona hiyo orodha yako haifunguki?"

Hakuwa amemtumia mtu orodha. Virusi vilikuwa vimechukua jina lake na kwenda nalo kwa kila mtu aliyekuwa sandukuni, watu mia mbili na kumi na wanne, na kila mmoja alifungua kwa sababu ile ile iliyomfanya yeye afungue: ni mazishi, na imetoka kwa mtu tunayemjua. Kufikia jioni, mafaili yote katika kompyuta zake nne yalikuwa yamefungwa. Aliyaona majina ya mafaili hayo, asiweze kuyagusa, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akiona moto wa jikoni kupitia dirishani.

Fundi aliyemwita kutoka Embu, kijana aitwaye Gikunda, alitumia siku mbili kisha akakunja nyaya zake.

"Hakuna ufunguo, mama. Tufute, tuanze upya," alimwambia. Halafu akaongeza neno ambalo Nelius ameliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jeusi: "Virusi haviji na sura ya mwizi. Vinakuja na sura ya jirani."

Siku nzuri, saiba ilikuwa ikimwingizia shilingi elfu moja na mia mbili. Kwa miezi miwili iliyofuata haikufikisha mia tatu, maana watu waliogopa hata kugusa karatasi iliyotoka kwake. Lakini ukimuuliza ni nini hasa alichopoteza, hataji pesa. Anaelekeza kidevu kwenye kiti cha mbao chenye mto wa bluu, kando ya dirisha.

Kiti hicho ni cha Mwalimu Njuki.

Mwalimu Njuki ana miaka sabini na sita. Alifundisha shule za msingi za Mbeere kwa miaka thelathini na mitatu, na Nelius alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano. Alipostaafu alianza kuandika majina ya miti na majani yote ya nchi hii kavu kwa Kimbeere: upi huliwa mvua ikikosa, upi hufukuza wadudu ghalani, upi ng'ombe wasiukaribie. Bibi yake alimlisha kwa majani hayo katika njaa ya utoto wake, na wanaoyajua, kwa hesabu yake, wamebaki wachache kuliko vidole vya mkono mmoja.

Kila Jumanne alimletea Nelius daftari la shule, naye akachapa. Kwa miaka minne walifikisha kurasa mia tatu na kumi.

Madaftari yalirudi nyumbani, yakakaa katika katoni chini ya kitanda pamoja na kurasa za mwanzo zilizokuwa zimechapishwa. Mchwa wakaila katoni yote. Mwalimu mwenyewe hulicheka jambo hilo kwa uchungu: aliandika ukurasa mzima akisema kwamba mbao za mukau haziguswi na mchwa, kisha akaweka ukurasa huo ndani ya karatasi ngumu.

"Nilijiambia haidhuru, kazi yangu iko kwa kompyuta ya Nelius," anasema.

Wakati virusi vinaingia, presha ya macho ilikuwa imeshachukua jicho lake la kushoto. Sasa la kulia linaona watu kama vivuli. Na majina yameanza kumtoroka. Kwa hiyo wanaandika upya, yeye akisema na Nelius akichapa, wakikimbizana na kitu ambacho wote wawili wanakijua na hawakitaji. Mpaka Jumanne iliyopita walikuwa wamefikisha kurasa hamsini na nane. Zimo katika kompyuta ndogo ya pembeni iliyofunikwa kitambaa chekundu, ambayo haijawahi kuunganishwa na mtandao hata siku moja.

Leo ni Jumanne. Saa tatu kamili fimbo inagonga kizingiti.

"Mama Ngoja yuko?"

"Yuko, Mwalimu. Ngazi ni moja, kumbuka."

"Ngazi niliijua kabla wewe hujazaliwa."

Anakaa. Anaomba asomewe walipoachia. Leo ni zamu ya muthithi, mkwaju wa huku, na anaanza kutaja jinsi matunda yake yanavyotiwa katika uji wakati maziwa yamekauka. Katikati ya sentensi anakwama. Kuna jani jingine lililokuwa likienda na huo uji. Anafunga macho. Anapiga goti kwa vidole. Jina haliji.

"Liko kwa zile kurasa za kwanza," anasema mwishowe. "Nililiandika. Najua nililiandika."

Zile kurasa za kwanza huenda bado zipo, na hapo ndipo simu za Nelius zinaporudi katika simulizi hii. Tangu siku ya maafa amekuwa akiwapigia watu wote mia mbili na kumi na wanne, mmoja mmoja, kuomba radhi na kuwaonya. Wengine walimtukana. Mmoja alimwambia asiseme tena jina lake. Wiki mbili zilizopita alifika jina la mia moja sitini na tatu: Susan, karani wa duka la kuchapishia mjini Embu. Miaka miwili nyuma, printa ya Nelius ilipoharibika, ni Susan aliyechapisha kurasa tisini na sita za mwanzo za Mwalimu. Nakala ya kwanza ilitoka na wino hafifu, akachapisha nyingine.

"Hiyo iliyofifia sikuitupa," Susan alisema kwenye simu. "Nitaitafuta, niiskani, nikutumie kwa imeli."

Tangu siku hiyo Mwalimu huuliza mara mbili kila anapokuja. Leo, saa nne na dakika kumi, barua inaingia.

Nelius anaisoma kimya. Kisha, kwa kuwa hawezi kumficha mtu asiyeweza kujisomea, anaisoma kwa sauti. Mtumaji: Susan. Kichwa: Kurasa za Mwalimu Njuki. Ujumbe: Habari, faili ulilotaka liko hapa, lifungue haraka. Chini yake, faili moja.

Mwalimu anainuka kitini.

"Fungua."

"Nampigia kwanza."

Simu inaita mpaka inakatika. Anapiga tena. Mara ya tatu haipatikani kabisa.

"Si amesema atatuma?" Mwalimu anauliza. "Si jina ni lake? Jina langu si liko hapo?"

"Liko, Mwalimu."

"Basi kwani wangoja nini? Kazi yangu iko kwa hiyo mashine yenye kitambaa, haitadhurika. Fungua kwa hii nyingine."

"Kwa hii nyingine kuna barua za soko lote. Na yale majina mia mbili. Nikikosea, wataipata wote tena, kutoka kwangu."

Mzee anashika fimbo kwa mikono miwili. Anapoongea hapaazi sauti, na hilo ndilo linalouma.

"Ulipokuwa darasa la tano ulisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Darasa lote likiwa ng'ambo, wewe bado uko jiwe la pili. Sikukuchapa, nilikungoja. Halafu siku moja, siku ya maana, ukaruka. Uliniharibia kwa kufungua, Nelius. Sasa utaniharibia kwa kutofungua?"

Nelius anakigeukia kioo. Anaitazama ile barua. Kidole chake kiko juu ya kipanya. Anasema baadaye kwamba hakuna kitu alichokitamani maishani kama kubofya wakati ule. Anaondoa mkono, anauweka juu ya daftari jeusi, na kuuacha hapo.

Saa tano. Mteja anataka kuchapishiwa fomu, anachapishiwa, na katikati Nelius anajaribu namba ya Susan tena na tena. Saa tano na nusu. Mwalimu ametoka, amesimama barazani akiligeuzia soko mgongo. Mbae anavuka barabara akiwa na vumbi la mbao kichwani, anaambiwa habari, anamwendea mzee.

"Mwalimu, ukitafuta wa kulaumu, niko hapa. Siku ile ni mimi niliyemharakisha huyu. Nilisema maiti haingoji. Na hakukuwa na maiti."

"Hukuwa wewe uliyebofya," Mwalimu anamjibu.

"Hapana. Lakini tangu siku hiyo hata bili ya mbao nampa aipigie simu."

Mzee anakaribia kucheka, anajizuia, anarudi kwenye kiti chake. Nelius anammiminia chai.

Saa sita na dakika arobaini simu inaita. Ni Susan. Nelius anaiweka ili sauti isikike chumba kizima.

"Mama Tabby, habari ya Gachoka? Naona umenipigia mara tisa, kuna nini? Nilikuwa kwa mkutano wa wazazi shuleni, simu nikazima."

"Susan, umenitumia imeli leo asubuhi? Yenye faili?"

"Imeli gani? Mimi sijatuma kitu. Mashine ya kuskani imekwama tangu jana, nilikuwa nikupigie jioni nikueleze."

Mwalimu anaweka kikombe cha chai chini.

Nelius anavuta pumzi na kuanza kumpa maelekezo, taratibu, kama anayemshika mtu mkono gizani. Kuna anayeandika kwa jina lake. Abadilishe nywila sasa hivi, kwa kompyuta nyingine iliyo salama. Ile ya dukani aing'oe kwenye mtandao mpaka fundi aiangalie. Awapigie wateja wake wote, asiwaandikie, awaambie wasifungue faili lolote lenye jina lake. Susan anaandika, anauliza, anaandika.

"Lakini amejuaje habari ya kurasa?" Mwalimu anauliza kutoka kitini. Sauti imepungua.

Nelius anamgeukia. "Hicho ndicho kichwa nilichoandika mimi miaka miwili iliyopita, nilipomtumia Susan kazi yako. Virusi vikiingia mahali vinaiba barua za zamani, vinazitumia kama chambo. Na huko Embu nafikiri vilifika kwa mkono wangu, siku ile ya mazishi. Vilitoka hapa na jina langu. Leo vimerudi na la Susan."

Anaifuta ile barua bila kuifungua, kisha anaifuta tena mahali zinapokaa zilizofutwa.

"Mama Tabby, bado uko hapo?" Susan anauliza. "Hizi karatasi ziko mbele yangu. Nimehesabu tisini na moja, tano sizioni. Na nyuma watoto wangu wamechora ng'ombe, mtanisamehe."

Mwalimu Njuki ameinamia simu. "Mama, angalia ukurasa wa muthithi. Soma linalofuata uji."

Karatasi zinasikika zikipinduliwa, moja, nyingine, nyingine. Halafu Susan anasoma, akijikwaa kidogo kwa wino hafifu, na jina la lile jani linatoka katika simu. Mwalimu anafumba macho na kulirudia. Analirudia tena. Nelius ameshavua kitambaa chekundu na anachapa.

Susan anasema Alhamisi atazileta mwenyewe, zote tisini na moja, kwenye bahasha. Hazitapita kwenye waya wowote.

Mipango ya Nelius si mikubwa. Mwezi ujao, Jumamosi ya pili, makarani wa shule saba na wa zahanati wameahidi kuja kuketi kwenye viti vyake, kila mmoja na daftari jipya, ajifunze kuandika namba za watu kabla ya kuamini majina yao. Hawatalipa. Amebakiza watu arobaini na watatu wa kuwaomba radhi. Na kuna kitabu cha kumaliza wakati mwenyewe bado ana majina ya kukumbuka.

Saa nane Mwalimu anainuka kwenda. Mfukoni amekunja ukurasa wa leo, maana siku hizi haondoki bila nakala ya karatasi. Mlangoni anasimama, mkono mmoja kwenye bati.

"Nimekusema vibaya leo," anasema.

"Umesema kweli, Mwalimu. Niliruka."

"Leo umevuka kwa mawe." Anatafuta ngazi kwa fimbo, anaipata. "Sasa niambie. Siku nyingine hao wezi wakija na jina langu, na mimi siko kwenye hiki kiti, utafanyaje?"

Nelius anacheka, mara ya kwanza leo. Anamshika mkono, anamshusha ile ngazi moja, na anamjibu kwa sauti ambayo wauza muguka barazani wote wanaisikia:

"Nakuahidi, Mwalimu. Hata ikija barua ya mazishi yako, sitaifungua kabla sijakupigia simu wewe mwenyewe."